Azimio Dhidi ya Upupu

Kamati ya Utendaji ya Klabu ya Soka ya Mkonge Rangers, Korogwe, ilipenda kuwatangazia wanachama, wapenzi wa kandanda na umma kwa jumla kwamba mchezaji wake Adib Semkiwa, winga wa kushoto, jezi namba kumi na moja, ameruhusiwa kwa baraka zote kwenda Falme za Kiarabu kucheza soka ya kulipwa. Kwamba taratibu zote zimefuatwa. Kwamba klabu imenufaika. Kwamba pengo lake limekwisha kuzibwa. Na kwamba wanachama walioko Dubai wanaombwa kumpokea na kumpa kila ushirikiano. Tangazo lilitiwa sahihi na watu watatu, likabandikwa kwenye ubao wa sokoni Korogwe mwezi wa Desemba 2006, na nakala yake ikatumwa kwa faksi hadi Al Twar, Dubai, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo ambako Bwana Khalfan alikuwa karani siku sita za wiki na mwenyekiti wa tawi siku ya saba.

Redempta, katibu wa tawi, alilisoma amesimama katikati ya sebule ya Bwana Khalfan. Alipofika penye pengo kuzibwa, akaketi.

"Limezibwa na nani?"

"Haikuandikwa," alisema Bwana Khalfan.

"Najua haikuandikwa. Nakuuliza wewe mwenyekiti. Limezibwa na nani?"

Bwana Khalfan alikuwa Mzanzibari, na Mkonge aliipata kwa ndoa, pamoja na mama mkwe. Alimtazama mkewe, mzaliwa wa Korogwe, kama mtu anayetafuta mlango. Mkewe akaenda kuongeza chai.

Tawi la Dubai lilikuwa na wanachama saba, katiba ya kurasa nne na mhuri wa duara. Mhuri ulichongwa Deira na fundi ambaye hajawahi kuuona mkonge, kwa hiyo katikati ya duara palikaa kitu kilichofanana zaidi na nanasi. Redempta ndiye aliyeutunza. Ulikaa ndani ya soksi, soksi ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, katika chumba cha nyuma ya jiko kwenye nyumba ya Madam Muna huko Mirdif. Mwaka wa nne sasa Redempta alikuwa akifanya kazi humo: bafu tano, paka wawili, na kandura, kanzu nyeupe za sir, mume wa Madam, ambazo zilipaswa kusimama zenyewe kwa pasi. Siku ya Ijumaa alipewa ruhusa baada ya chakula cha mchana hadi saa moja, na ruhusa hiyo yote aliitumia kukasirika.

Alikasirika kwa elimu. Alizaliwa nyuma ya goli la kusini la uwanja wa Korogwe, baba yake akiwa mchora mistari, na kabla hajajua sala ya Bwana alikwisha kujua kuotea. Lakini Adib Semkiwa hakuwahi kumwona akicheza. Adib aliibuka Redempta akiwa amekwisha kuondoka, na alichokuwa nacho ni picha moja ya gazeti, iliyokunjwa mara nne, ambamo winga alionekana kisogo na jezi.

Mechi alizifuata kwa njia nyingine. Mdogo wake Francis alikaa jukwaani Korogwe na simu. Bao la Mkonge, anabipu mara moja. Bao la wapinzani, mara mbili mfululizo. Kipenga cha mwisho, mara tatu, halafu usiku ujumbe mfupi wenye maelezo. Simu ilikaa kwenye mfuko wa aproni, sauti imezimwa, ikitetemeka tu. Kwa misimu miwili Redempta alikuwa ameifuata ligi kuu ya Tanzania Bara kwa paja lake la kulia. Madam Muna, kila alipomkuta mfanyakazi wake amesimama na pasi mkononi, macho yamefumbwa, anatabasamu, alihitimisha kwamba kuna mwanamume. Hakukosea sana. Mitetemo kumi na minane ilikuwa ya Adib. Korogwe nzima ilimwita Upupu, kwa sababu beki aliyepangiwa kumkaba alimaliza mechi akijikuna.

Ikaja mechi ya kwanza bila yeye, dhidi ya timu ya Dodoma. Simu ilitetemeka mara mbili. Ikatulia. Ikatetemeka mara mbili tena. Redempta aliunguza kola ya kandura. Ujumbe wa Francis ulikuja baada ya isha: mbili bila, na pengo limezibwa na shemeji wa mweka hazina, umri miaka thelathini na minne, ambaye uwanja mzima sasa unamwita Shemeji, hata kocha.

Ijumaa iliyofuata kikao hakikufuata ajenda.

"Winga anakikimbilia kibendera," alisema Redempta. "Huyu anakiegemea! Francis anasema dakika ya ishirini alikuwa ameshika kiuno kama mtu anayesubiri kuonyeshwa chumba cha wageni."

"Mpe muda, dada," alisema Joachim, fundi wa majukwaa ya ujenzi aliyeishi kambi ya Muhaisnah. "Mgeni bado."

"Mgeni ana miaka thelathini na minne! Muda gani tena, wa kustaafu? Na nani kamhamisha beki wa kushoto kwenda katikati? Umeuza jiko, halafu unahamishia kitanda jikoni ili pasionekane pako wazi. Utalala wapi, utapika nini?"

"Lakini wanasema klabu imenufaika. Wakala anayempeleka Adib katoa mipira kumi na miwili na seti ya jezi."

"Jezi za bluu, Joachim. Bluu! Rangi yetu ni damu ya mzee tangu mkoloni. Na mipira watuongezee. Kila mechi wanaokota miwili wavuni, itawafaa."

Hata hivyo tangazo lilikuwa tangazo, na lilisema apokewe. Redempta alikuwa na hasira na kamati, si na mgeni. Tarehe na saa ya ndege zililetwa kwa faksi. Mke wa Bwana Khalfan alitoa shuka, Redempta akaliandika kwa rangi KARIBU UPUPU, NYUMBANI NI NYUMBANI, na Ijumaa moja alasiri ya Januari wanachama watano kati ya saba walisimama kwenye ukumbi wa wanaowasili, wawili wameshika shuka, Bwana Khalfan ameshika maua.

Walijua mchezaji wa kulipwa atakavyokuwa. Atakuwa na suti. Atakuwa na miwani ya jua na begi la magurudumu, na mbele yake atatangulia mtu wa klabu mwenye kandura, akichezea funguo za gari.

Wakatoka marubani. Zikatoka familia zenye watoto waliolala. Kisha ikatoka foleni ya wanaume arobaini hivi, wote na kofia za njano, wawili wawili, na bwana mmoja mwenye orodha akiwahesabu na kuwakusanyia pasipoti. "Yalla, yalla," alisema bwana yule, akiwaharakisha. Foleni ikasimama mbele ya shuka.

"Jamani, sogeeni kidogo," alisema Redempta. "Mnatuzibia." Akaongeza kwa mkono, kama mtu anavyofukuza kuku sebuleni.

Foleni ikasogea. Foleni zile husogea. Redempta mwenyewe, na Joachim, na wawili wengine chini ya shuka lile, walikuwa wameingia Dubai katika foleni kama hiyo, kwa kofia za rangi nyingine, na pengine ndiyo sababu hakuna hata mmoja aliyeitazama.

Walisubiri mpaka adhana ya magharibi. Maua Bwana Khalfan alimpelekea mkewe, ambaye alimuuliza amefanya kosa gani.

Wiki zikapita na Adib hakutafuta mtu. Mwisho wa mwezi Falme za Kiarabu zilitwaa Kombe la Ghuba, magari ya Mirdif yakapita yakipiga honi na bendera madirishani, na Redempta, akiwa amebeba sinia la vikombe vya wageni wa sir, alitazama marudio ya mabao kwenye televisheni akamtafuta mtu wake kila mahali, hata kwenye benchi, hata miongoni mwa wabeba maji, ingawa alijua kabisa kwamba lile lilikuwa kombe la timu za taifa. Hakumwona. Huko Korogwe, Shemeji akapoteza penalti. Mara mbili, mara mbili, mara mbili: paja la kulia lilianza kumuuma kweli.

Hasira ya mtu wa mbali lazima ipate pa kutua, na kamati ilikuwa mbali kuliko Adib.

"Ametudharau," alisema Redempta mwezi wa Februari. "Amepita mlango wa wakubwa. Sisi tumesimama na shuka kama wauza mitumba, yeye kapitishwa nyuma akaingia kwenye gari lenye baridi. Naandika azimio."

Azimio lilisema kwamba mchezaji Adib Semkiwa, baada ya kufika Dubai na kulewa umaarufu, amekataa kuonana na wanachama; kwamba hajui alikotoka; kwamba tangu leo si mwenzetu.

"Hili la 'hajui alikotoka'," alisema Bwana Khalfan, "n'naliona kali mno. Mtoto wa watu."

"Liache."

"Redempta, mwanamke we, neno likishapigwa mhuri halirudi."

"Ndiyo maana ya mhuri, Mwenyekiti."

Akaupiga. Akaupiga na mara ya pili, pembeni, bila sababu ya kikatiba. Mananasi mawili yalikwenda Korogwe kwa faksi, yakabandikwa kwenye ubao wa sokoni, na anayejua kusoma akawasomea waliokuja kununua nyanya.

Katikati ya Machi, siku ya Alhamisi, Redempta akisafisha samaki, Joachim alipiga simu. Hakubipu. Alipiga, na hilo peke yake lilimshtua.

"Dada, nimemwona Upupu."

Redempta aliweka kisu chini. "Ana gari gani?"

"Ana kabichi."

"Ana nini?"

Joachim alieleza. Uani kambini, majirani zao wa kampuni ya usafi walikuwa wanapokezana mboga kutoka kwenye gari kuingia jikoni. Mtu karusha kabichi vibaya. Kijana mmoja mwembamba, mikono yake imejaa vitunguu, akaituliza kwa mguu wa kushoto, ikalala juu ya kiatu kama paka, akampasia mpishi bila hata kumtazama. "Nikamuuliza, ndugu, wa wapi wewe? Akasema Korogwe. Nikamuuliza jina. Akanyamaza. Dada, mguu ule si wa kuuliza jina."

Wanawake hawakuruhusiwa kuingia kambini. Ijumaa walikutana nje ya geti, kwenye benchi la duka la vyakula. Redempta alikuja na maneno ya miezi miwili, yamepangwa. Aliyeketi benchini alikuwa na ovaroli, kofia ya njano, na mikono iliyobabuka kwa dawa ya vioo.

"Shikamoo, dada," alisema Adib.

"Marahaba." Maneno ya miezi miwili yalikuwa yameondoka. "Na ile timu?"

"Wakala alisema majaribio yako wiki ya pili."

"Ikawaje?"

"Walinijaribu. Kwenye vioo. Nikafaulu."

Joachim alicheka, kisha akatamani asingecheka.

"Kwa nini hukututafuta, mdogo wangu? Tulikuja uwanja wa ndege! Tulisimama kwa saa nne! Ungetuona tu, ungesema mimi hapa."

"Niliwaona. Shuka lilikuwa limeandikwa jina langu." Alivua kofia, akaitazama ndani. "Na wewe uliniona, dada. Uliniambia nisogee. Nikasogea."

Basi la kampuni liliingia getini, likashusha watu. Redempta alisubiri lipite. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa imepanda juu kiasi cha kumtoa mwenye duka nje.

"Mipira kumi na miwili! Wamembadilisha mtu kwa mipira kumi na miwili, na taratibu zote zimefuatwa! Taratibu gani? Kuna mmoja alisoma hata karatasi ya viza? 'Mfanyakazi wa usafi', imeandikwa, hata Kiingereza cha darasa la tano kinaisoma! Mkutano mkuu ni Jumapili ya wiki ijayo. Nitawaandikia. Kambi, chumba, kazi, kila kitu. Nitapiga mhuri mpaka karatasi itoboke. Wataondoka kwenye viti vile kwa miguu au kwa machela."

"Usiandike," alisema Adib.

"Unasemaje?"

"Usiandike, dada. Nakuomba." Alisema polepole, kama anayebeba kitu kilichojaa. "Lile azimio lako lilisomwa sokoni. Mama alikuwepo. Muuza khanga kamwambia, mwanao kapata, sasa ana maringo, hata wenzake hawataki. Mwingine kamwambia, mfundishe adabu tajiri wako. Mama kanipigia simu anacheka, dada. Ananigombeza huku anacheka. Tangu tumzike baba hakuwahi kucheka hivyo. Sasa hivi akipita wanamnunia, na yeye anavaa khanga mpya ili wamnunie vizuri. Ukiandika ya kweli watamhurumia. Watamletea unga. Wakianza kumhurumia, mama hatatoka tena nje ya ua."

"Na hawa wezi wabaki?"

"Umewaandikia barua ngapi hawa?"

Redempta alifikiri. "Kumi na moja."

"Kaondoka nani?"

Hakuondoka mtu. Kinyume chake, aliongezeka Shemeji.

Redempta alisimama, akakaa, akasimama. Alimtazama Joachim, ambaye alikuwa anasoma bango la bei za mafuta ya kupikia kwa makini makubwa. "Sawa," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. "Lakini mimi siwezi kusema uongo mtupu, nina ubatizo. Utacheza."

"Nitacheza wapi?"

"Popote. Ijumaa ijayo. Nikisema anacheza, uwe unacheza."

Kamati ilikuwa imepanga kujiandaa Jumamosi, mkesha wa mkutano mkuu. Lakini Ijumaa asubuhi, Redempta akikaanga vitunguu vya biriani, katibu mkuu wa klabu alimpigia simu yeye mwenyewe, kutoka Korogwe, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya tawi.

"Katibu Redempta! Habari za Uarabuni? Sasa, kuna wanachama wachache, wakorofi tu, wanauliza Adib yuko wapi. Tukaona tawi letu lithibitishe. Yupo?"

Mafuta yalikuwa yamechemka. Ukweli ulikuwa mdomoni, mzima, una anwani na namba ya chumba.

"Yupo," alisema Redempta.

"Alhamdulillahi. Na anacheza?"

"Anacheza!" Hapo sauti ikamtoka. "Anacheza, na ana gari jeupe, na anavaa miwani hata ndani ya nyumba! Tukimpigia simu hapokei! Tukimsalimia anauliza nyinyi nani! Mtoto mliyemlea nyinyi, mkamfuga, mkamuuza, sasa ananuka manukato mpaka barabara ya pili! Mwambieni mama yake! Mwambieni sokoni, kwa sauti, ana maringo kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka Korogwe!"

Kila uongo aliutupa kama sahani, na kila sahani ilimlenga aliyekuwa upande wa pili wa simu, ambaye alizipokea zote kwa furaha.

"Basi tutasema yuko salama na anaendelea vizuri. Hasira zenu watu wa Dubai tunazielewa."

"Hamzielewi," alisema Redempta, akakata.

Vitunguu viliungua. Madam Muna alikuja jikoni kuuliza ni nani huyo wa kumfanya apige kelele hivyo. "Mwizi, madam," alijibu Redempta. Madam Muna alimshauri asiolewe naye.

Mkutano mkuu, kwa taarifa ya Francis iliyokuja siku mbili baadaye, ulisomewa uthibitisho wa tawi la Dubai, ukapiga makofi, ukairudisha kamati yote kwa kunyoosha mikono. Mama yake Adib, Francis aliongeza, alizomewa akitoka msikitini, na alikuwa amependeza sana.

Lakini Ijumaa ile ile, saa kumi, vitunguu bado vinanukia kwenye nguo zake, Redempta alikuwa amesimama kwenye mchanga nyuma ya ukuta wa Muhaisnah. Wasafisha vioo walicheza na mafundi wa majukwaa. Magoli yalikuwa madumu ya rangi. Joachim alicheza beki wa kulia wa mafundi, kwa hiyo kazi ya kumkaba Adib ilimwangukia yeye, na kabla ya nusu saa alikuwa anajikuna shingo, huku wenzake wakimuuliza kwa lugha nne kama anaumwa.

Redempta hakushangilia. Alitukana. Alimtukana Adib alipochelewa kutoa pasi, akamtukana mwamuzi, akamtukana Joachim kwa kuvuta ovaroli. "Mwache mtoto! Mkabe kwa miguu, si kwa kucha!" Wahindi waliokuwa wamekaa juu ya ukuta walimpa nafasi. Mara moja tu alinyamaza: Adib alipopokea mpira pembeni, akausimamisha, akamwacha Joachim achague upande, kisha akapita upande wa pili. Ulikwenda kati ya madumu chini chini. Mkono wa Redempta ulishuka wenyewe mpaka kwenye paja la kulia, ukaikuta simu imetulia.

Mchezo uliisha mbili bila. Msimamizi wa kambi, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, alitoa zawadi ya timu iliyoshinda: katoni moja ya maji. Adib alipewa chupa mbili, kwa kuwa mabao yote mawili yalikuwa yake.